Mteja wa Kwanza wa Bi Thoa

Kila asubuhi ya safari ile, Ningrum alifungua dirisha la hoteli, akautazama mji, akabetua midomo. Kuala Lumpur aliuona una kelele. Bangkok, alisema, unanuka samaki, utadhani kwao Solo, Indonesia, samaki hunukia asumini. Sasa walikuwa Hanoi, na hata mawingu ya Hanoi hayakumridhisha binti huyu wa miaka kumi na miwili.

Hakuja kutalii. Shangazi yake, Lastri, alikuwa na karakana ya batiki, vitambaa vinavyochorwa kwa nta na rangi, akamchukua wakati wa likizo amsaidie kubeba sampuli. Miji miwili ilishapita bila oda hata moja. Wakikosa na Hanoi, wachoraji sita wangerudishwa makwao, nta iwagandie vyunguni. Tumaini lililobaki lilikuwa mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, aitwaye Bi Thoa.

"Miadi yetu ni saa tatu," Shangazi alisema. "Zungukazunguka hapo sokoni, ila usiende mbali. Na huo mdomo uuchunge."

Soko ndiyo kwanza linafunguliwa. Mama mmoja mnene, mwenye miwani, alikuwa akifunua turubai mezani pake. Ningrum akavuta skafu moja, ya pili, ya tatu, akazikunjua zote. Yule mama akamwandikia bei kwenye kikokotoo. Ningrum akaifuta, akaandika bei ya pipi. Mama akapunguza kidogo. Ningrum akaitupa skafu.

"Matambara haya? Kwetu tunapangusia meza!" akasema kwa lugha ya kwao, akaondoka akicheka.

Alipogeuka nyuma, yule mama alikuwa amewasha kipande cha karatasi, anakizungusha juu ya bidhaa zake kama anayefukuza nzi.

"Washamba wakubwa!" Ningrum akasema.

Saa tatu, Shangazi aliulizia meza ya Bi Thoa. Wakaelekezwa palepale, kwa mama wa miwani. Ningrum akatamani aingie ndani ya begi la sampuli ajifunge zipu.

Bi Thoa hakuzitazama batiki. Alimtazama mtoto. Aliwahi kufanya kazi Malaysia miaka mingi, ambako lugha inafanana na ya kina Ningrum, na maneno ya asubuhi aliyaelewa yote.

"Huyu wako?"

"Binti wa kaka yangu."

"Ndiye mteja wangu wa kwanza leo. Kavuruga, katukana, hakununua. Nimechoma karatasi kufukuza mkosi wake, na bado sijauza hata uzi. Chukua mzigo wako, dada. Sinunui kitu."

Shangazi alisimama kando ya ngazi za soko, begi miguuni.

"Lakini Shangazi, alichoma karatasi! Eti anafukuza mkosi. Si ushamba huo?"

"Nyumbani, noti ya mteja wa kwanza mimi huifanyaje?"

Ningrum alikuwa akiliona jambo hilo kila siku. "Unaipigapiga juu ya vitambaa... ili wateja waje."

"Kwa hiyo na mimi mshamba?"

Ningrum akalibeba begi, wakarudi hotelini.

Kesho yake alifika kabla soko halijafunguliwa, na akiba yake ya likizo mkononi. Bi Thoa alipomwona tu, akashika kiberiti. Lakini Ningrum hakusogea. Alikaa kwenye ngazi akangoja, nusu saa, saa nzima, mpaka mwanamke mmoja aliponunua skafu mbili. Ndipo akaja, ameinamisha kichwa.

"Bibi, jana nilikukosea. Sikutaka niwe wa kwanza tena. Naomba ile skafu ya bluu, kwa bei yako."

Bi Thoa akarudisha kiberiti mfukoni. "Kumbe akili unayo! Jana uliiacha wapi?" Akaikunja skafu. "Haya, kamwite shangazi yako, alete na yeye matambara yake."

Oda iliyopatikana iliwatosha wachoraji wote sita.

"Umetembea miji mitatu," Shangazi alimwambia wakitoka, "na hukuona hata mmoja. Ulikuwa na kazi ya kudharau, ukasahau kutazama. Ungetazama vizuri jana, ungeniona mimi nyuma ya meza ile."