Kikaratasi cha Dirishani

Walikutana kwenye foleni ya mkate, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, barabara ya Ledra mjini Nikosia, na walianza kwa kugombana. Ilikuwa imebaki flauna moja tu, ule mkate wa Pasaka wa jibini na zabibu. Loukia, msichana wa duka la miwani, gauni la kijani, nywele kazibana kwa penseli, alishanyoosha mkono. Nyuma yake kijana aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi kupita kiasi akakohoa.

"Dada, hiyo pilavuna nimeshaiagiza."

"Hii ni flauna. Na hujaagiza kitu."

"Mama yangu anaipika hiyohiyo ng'ambo pale, na jina lake ni pilavuna."

"Basi nenda ukale ya mama yako."

Wakaila nusu kwa nusu wamesimama, makombo yakimwagikia shati la watu. Kijana aliitwa Nidai, Mturuki wa upande wa kaskazini wa mji huo uliogawanywa na mpaka, kusini Wagiriki, kaskazini Waturuki, na kazi yake fundi wa meno ya bandia. Walizungumza Kiingereza cha shule, kila mmoja akimcheka mwenzake matamshi, na mpaka makombo yanaisha walikuwa wameshapeana namba.

Mwaka na nusu Nidai alivuka mpaka kila Ijumaa. Loukia hakuvuka hata mara moja. Kwenye dirisha la polisi wa kaskazini, pale mpakani, mtu wa kusini unaandika jina lako kwenye kikaratasi, wanakigonga muhuri, unapita. Baba yake, mzee Pantelis, aliyefukuzwa na jeshi la Waturuki kwao Kirenia, huko kaskazini, mwaka sabini na nne akiwa na suruali aliyovaa tu, alikuwa ameapa kwamba hakuna mtu wa nyumba yake atakayejaza kikaratasi hicho. Aombe ruhusa ya kwenda kwao? Na Loukia, anayempenda baba yake, akakiheshimu kiapo. Mimi watu hawa wote nawajua, na wote wamenichosha.

"Mama anataka kukuona," Nidai alisema Ijumaa moja ya Oktoba. "Anauliza kama nimekubuni."

"Mlete huku."

"Magoti yake hayafiki hata sokoni. Loukia, mpenzi, ni kikaratasi. Unaandika jina, basi."

"Kwako ni kikaratasi."

"Mbona mimi nimepita hapo mara sabini?"

"Wewe hujazi. Wewe unapita kwenu."

"Kwetu? Mama alizaliwa Pafo, huku kwenu. Mimi naonyesha kitambulisho kwa polisi wenu kila wiki nije kunywa kahawa na mtu anayemwogopa baba yake."

"Usimtaje baba."

"Basi kaolewe naye."

Akaondoka bila kulipa kahawa. Ijumaa iliyofuata hakuja. Loukia akapiga simu, haipatikani. Simu za kusini zinakufa hatua chache baada ya dirisha, hilo kila mtu analijua, lakini mwenye kuachwa hafikirii minara. Siku ya tisa alikuwa ameshafuta picha zake zote na kujuta mara mbili.

Siku ya kumi akaingia dukani fundi mmoja wa rangi, ovaroli lina madoa meupe.

"Wewe ndiye Loukia? Mimi Hüseyin, binamu yake Nidai. Mama yake kapooza upande mmoja tangu Jumamosi, kesho yake mlipogombana. Nidai anamlisha kwa kijiko, anasema hakuiti, ukitaka utakuja. Na wewe uko hapa unafuta miwani."

Loukia alivua koti la kazi, akamfuata Hüseyin hadi mpakani. Dirishani askari wa kike akampa kikaratasi na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Jina. Jina la ukoo. Akaandika huku anamlaani askari, anamlaani Nidai, anajilaani mwenyewe. Muhuri ukagonga. Haikuchukua hata dakika moja, na hilo ndilo lililomliza.

Nidai alifungua mlango, ndevu hazijanyolewa, bakuli la supu mkononi.

"Siku kumi, Nidai."

"Mwaka na nusu, Loukia."

"Nipe hilo bakuli."

Mama yake Nidai, Mama Emine, alikula kutoka mkononi mwa Loukia, akimtazama kwa jicho lake zima. Kisha akamwambia mwanawe neno la Kituruki lililopinda.

"Anasema nini?"

"Anasema nikuoe kabla hujabadili mawazo. Unasemaje?"

"Nasema unyoe kwanza. Halafu ndiyo."

Jioni wakarudi hadi kituo cha mpakani, mahali simu inaposhika, Loukia akampigia baba.

"Baba, nimevuka. Na ninaolewa."

Redio upande wa pili ikazimwa.

"Kile kikaratasi umekijaza?"

"Nimekijaza."

"Na jina la ukoo?"

"Wanalitaka, baba."

"Kwa hiyo jina langu nalo wameligonga muhuri." Pumzi yake ikasikika. "Huyo mama anakula?"

"Supu tu."

"Mpeni yai. Harusini huko sitakuja."

Akakata.

Walifanya karamu mbili, Jumamosi mbili mfululizo, maana mzee Pantelis hakukubali kwenda kaskazini na Mama Emine hangeweza kubebwa mpaka kusini. Bibi harusi alivaa gauni lilelile, likafuliwa katikati ya wiki. Toka kwa baba mpaka kwa mama mkwe ni dakika kumi na moja kwa miguu. Nimetembea mwenyewe na saa mkononi. Mwaka wa pili wa ndoa yao Mama Emine alifariki. Siku ya maziko Pantelis alivaa suti nyeusi, akatembea mpaka dirishani, akasimama mbele ya kalamu ile kwa nusu saa, kisha akarudi nyumbani.