Chupa za Docteur Constant

Simu ililia pikipiki ikiruka juu ya mawe ya volkano, katika mtaa wa Mapendo.

"Namegabe, uko wapi?" Alikuwa Magloire, mkuu wake katika idara ya ujasusi.

"Njiani, chef. Naenda Keshero, kwa Docteur Constant."

"Maabara imejibu. Ile dawa ya sukari ni sumu. Anadunga watu saa sita."

Zilibaki dakika kumi.

Léoncie Namegabe akaongeza mwendo.

Mkemia wa idara alikuwa amemweleza walichoshuku. Mwilini, protini ikibandikwa ubikwitini, alama ndogo ya kemikali, imeshahukumiwa: seli inaivunja. Kwa baadhi ya wagonjwa wa sukari, vipokezi vya insulini hubandikwa kupita kiasi, vikaisha. Watafiti walitengeneza dawa ya kuzuia ubandikaji huo. Docteur Constant aliiba fomula, akaigeuza ichochee. Ini la mtu lingejila lenyewe. Wanunuzi wake wa ng'ambo walitaka kwanza kuona inavyoua.

Aliingia katika nyumba ya kupanga huko Keshero, ambako Constant aliwaita wagonjwa wa sukari akiwaahidi dawa hiyo mpya. Watu arobaini walikaa kwenye mabenchi. Mlangoni, mlinzi mwenye bunduki ya Kalashnikov alimpisha kama mgonjwa mwingine.

Constant alikuwa ameshika sindano. Mbele yake Mama Henriette, mchuuzi kutoka Butembo, alikuwa amekunja mkono wa nguo.

Bastola ya Glock ilikuwa kiunoni mwa Léoncie. Akiitoa, risasi zitamwagika juu ya wagonjwa. Akasogea mbele.

"Docteur," akasema. "Uliambia watu na weye uko na sukari. Jidunge wa kwanza."

Constant akageuka.

"Huyu mwanamuke ni nani? Darius, mutoe!"

Mlinzi alimsogelea, akainua bunduki. Mtutu ulimwelekea Léoncie kifuani.

"Darius," Léoncie akanong'ona, "uko na mutu wako humu?"

Macho ya kijana yalikimbilia benchi la tatu. "Mama yangu."

"Basi mwambie docteur ajidunge."

Bunduki ikageuka polepole kuelekea Constant.

Jasho lilimtiririka Constant. "Hapana," akasema. "Hapana, tafadhali!"

Kila mtu alielewa.

Constant alimrukia Léoncie na sindano. Léoncie akamdaka kifundo cha mkono, akakipinda hadi kikaalika. Sindano ikadondoka sakafuni. Akamfunga pingu.

"Chef, nimemupata. Chupa zote za dawa ziko hapa," akasema kwenye simu.

"Uliogopa?"

"Sana."

Wenzake walipofika kumchukua Constant, Mama Henriette alimshika Léoncie mkono.

"Na ile dawa ya kweli, mwanangu, itafika lini?"

"Bado wanaipima, mama. Endelea na vidonge vyako."

Akavaa kofia ya pikipiki, akatoka taratibu kwenye jua.