Kokoto za Wapagazi

Julieth alikuwa amekishika kidungusi chenye miiba kwa gazeti lililokunjwa, anakihamishia kwenye kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari chini. Udongo nusu, mchanga nusu, halafu kokoto juu, ili maji yasituame shinani yakakiozesha. Vilivyotangulia vilikuwa vimepangwa barazani, vyote na maua ya pinki. Pale mtaani Ipuli alijulikana kwa biashara hiyo, na siku hiyo haikuwa tofauti na nyingine.

Bi Mwanahawa, jirani yake, akaingia uani bila hodi.

"Shikamoo, bibi."

Bibi hakuitikia. "Mama Minza, mwanao nimempita kwenye njia ya zamani. Kainama kama kabeba mzigo. Mzigo wenyewe siuoni. Nimemwita, hakugeuka."

"Minza nimemtuma dukani."

"Duka lipi liko huko, mwanangu?"

Kisha macho ya bibi yakatua kwenye makopo. Akachuchumaa.

"Kokoto hizi kaleta nani?"

"Minza huyohuyo, kwa ndoo. Kuna rundo kule njia ya zamani. Safi, nikaona zinafaa."

Bi Mwanahawa akashusha sauti. "Wapagazi wa misafara, kila aliyepita pale aliacha jiwe, uchovu wake ubaki humo. Rundo lile huongezwa. Halipunguzwi. Sasa uchovu wao anao aliyezibeba. Zirudishe. Na ukimwona, usimwite kabla hujazimwaga."

Julieth akaichukua ndoo. Alizoa kokoto kwa mikono mitupu, kopo baada ya kopo. Miiba ikamwingia vidoleni. Hakuhisi kitu.

Jua lilikuwa limeinama alipofika kwenye rundo. Minza alikuwa mbele, mbali kidogo, mgongo wake umepinda. Mtoto wa darasa la tatu, lakini hatua zilikuwa za mzee. Fupi. Nzito. Julieth akaung'ata ulimi asimwite. Akaiinua ndoo. Akazimwaga kokoto zote.

Minza akasimama. Mgongo ukanyooka.

Lakini vumbi lililokuwa likitimka mbele yake halikusimama. Liliendelea kwenda, taratibu, kama linalotimuliwa na miguu mingi isiyoonekana.

"Mama," Minza alinong'ona, "nimechelewa?"

"Twende nyumbani."

Jioni Julieth alisonga ugali, akapika mlenda. Mumewe Masolwa alikuwa amesharudi, akauliza mbona maua yamevurugwa. "Yalihitaji kokoto nyingine," akamjibu. Shukrani, mtoto mdogo, alikuwa mkekani akigombea kijiko. Minza alikuwa pembeni yake. Julieth akawahesabu kwa macho. Wote walikuwapo.

Minza akanyoosha mikono anawe. Gauni likamteleza begani, na pale begani palikuwa na sugu. Nene, nyeusi, imepasukapasuka, kama ya mtu aliyebeba mizigo ujana wake wote.

Julieth akaibonyeza kwa kidole gumba.

"Inauma?"

"Hapana."

Akampandishia gauni, akampakulia ugali.