Mkate Uliorudi kwa Mwenyewe

Kila Ijumaa Ghassan husema redioni saa nzima, kisha hurudi kwake, mtaa wa Khuwair ya Kusini, asipate wa kusema naye. Tangu kufariki mkewe Rawya, kikombe cha pili cha kahawa kimefudikizwa.

Ujanani alicheza ughaibuni mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mpira mikononi na kuparamiana. Kila alipogongwa kichwa hadi akaona nyota, wakubwa wa timu walimpigapiga begani na kumrudisha uwanjani. Alipochakaa wakatafuta mwengine. Mabega waliyatumia wao, kichwa wakamwachia mwenyewe. Akarudi Maskati, akawa mtangazaji wa michezo.

Sasa majina ya wachezaji yalimponyoka hewani. Alificha. Wakubwa wa redio wakijua watamtoa, na saa ile ndiyo pekee aliyobaki nayo. Alijiambia ni msiba tu.

Asubuhi moja jirani yake Bi Mwanamize, muuguzi mstaafu, alimpelekea mkate wa kumimina. Chombo cha jirani hakirudi kitupu. Alasiri Ghassan akakirudisha kimejaa. Bibi akafunua, akacheka, kisha akauliza:

“Baba, huu si mkate wangu wa asubuhi?”

Ghassan hakukumbuka. Akasema labda ni majonzi.

“Majonzi yanaliza. Hayamrudishii mtu mkate wake. Ulipocheza mpira wako ule, ulikuwa ukigongwa kichwa?”

“Mchezo ndivyo ulivyo, mama.”

“Na waliokuchezesha wako wapi leo?”

Bibi akamweleza kuwa pigo la kichwa ni jeraha, hata mtu asipozimia wala kutoka damu. Aliyepigwa atoke uwanjani papo hapo, asirudi kucheza mpaka daktari aruhusu. Mapigo mengi yanaweza kuharibu kumbukumbu miaka mingi baadaye.

Kesho yake akampeleka hospitali. Daktari hakumwahidi kumrudishia kilichopotea. Alimtibu maumivu ya kichwa na kukosa usingizi, akamwambia asione haya kubandika karatasi ya majina mbele ya kipaza sauti.

Ijumaa Ghassan akayasema yote redioni. Wakubwa walinuna, lakini simu za wasikilizaji zilimiminika, wakashindwa kumtoa. Hatem, kocha wa vijana wa mtaa wa Wattaya, alipiga akasema amemtoa mchezaji wake bora aliyegongwa kichwa, na timu imefungwa.

“Mama yake amempata mzima,” Ghassan alimjibu. “Hilo ndilo bao.”

Bi Mwanamize alikuwa ameshampelekea pilau. Ghassan akarudisha chombo, ndani mna halua. Bibi akaionja kwa ncha ya kidole.

“Hii si yangu.”

“Si yako, mama. Nnajua nilipoinunua.”

Ghassan akamkaribisha barazani kwake, akatoa vikombe viwili vya kahawa.