Daraja Lililokuwa Zima

"Wanaokwenda Tunduru, sikilizeni. Kama huna shughuli ya lazima, rudi nyumbani. Anayesafiri abebe maji, chakula na viatu vya tope."

Ndivyo Walburga alivyowapokea abiria katika stendi ya Songea msimu ule wa mvua za Elnino, akiwa kwenye dirisha la kukatia tiketi, gauni lake la kitenge limenyooshwa kama anakwenda misa. Madereva walimletea habari za barabara, na watu walimwamini. Siku hiyo Sefu, mnunuzi wa vito kutoka Tunduru, aliinama dirishani, marashi yakimtangulia.

"Dada, asiyetaka kuondoka unamshauri nini?"

"Atafute pa kulala, kaka. Hapa tunauza tiketi."

Kesho yake akarudi kuuliza njia, na kesho kutwa pia. Mwezi haukuisha, wakawa wanaitana mpenzi.

Asubuhi moja akaja na begi. "Mpenzi, mzee wangu anaumwa sana. Landrova inapita leo?"

Ilikuwa inapita, na kiti kimoja kilibaki. Lakini Walburga alimtaka Sefu, walau kwa siku moja tu zaidi.

"Daraja limesombwa. Labda kesho."

Uongo ulimtoka kirahisi hata mwenyewe akashangaa. Sefu aliondoka na begi lake, na kile kiti akauziwa mtu mwingine. Jioni wakala kuku wa kuchoma, wakacheka sana.

Asubuhi iliyofuata simu ya mezani ikalia. Alikuwa Zulfa, dada yake Sefu, akilia.

"Mwambie kaka, mzee ametutoka alfajiri. Tunazika baada ya adhuhuri. Usiku kucha alikuwa anamwulizia."

Kutoka Songea hakukuwa na gari la kumfikisha kabla ya maziko. Alipopewa habari, Sefu aliondoka bila kumuaga. Arobaini ikapita, hakupiga simu. Walburga aliendelea kutangaza njia, lakini Jumapili kanisani alibaki kwenye benchi wenzake wakienda komunyo. Alijiona mwizi.

Kisha Sefu akatokea dirishani, amekonda, kanzu imemlegea.

"Daraja lilikuwa zima," Walburga akasema kabla ya salamu. "Nilikudanganya, Sefu. Nilitaka ubaki."

"Najua."

"Nani kakwambia?"

"Siku ile Landrova ya Tunduru ilinipita nikiwa dukani kwa Polikarp, nakununulia kanga. Dereva akanipigia honi, nikageukia ukutani. Nami nilitaka kubaki." Akafuta uso. "Nyumbani wote wanajua daraja lilisombwa. Mama ananipa pole kila siku. Siwezi tena kuipokea."

Walburga alilia, abiria wakimtazama.

"Nilitaka wewe ujue kwanza. Sasa nakwenda kumwambia mama," Sefu akasema. "Baada ya hapo, akitusamehe, nitakuja kwenu kuposa."

"Na asipotusamehe?"

"Sijui, mpenzi. Njia ikoje leo?"

Walburga alitamani kusema haipitiki. Ingekuwa rahisi, na foleni nzima ingemwamini.

"Mbaya," akasema. "Lakini inapitika."

Akakata tiketi mbili, akafunga dirisha.