Baiskeli ya Mkunga Yapata Mahali Pake

Msimu wa mvua, baiskeli ya mkunga ililala sebuleni pamoja na matope yake. Asubuhi moja mama mkwe wake alikwenda kufungua dirisha. Macho yake yalikuwa yamefifia. Pedali ilimkwaruza mguu, akaanguka puu!

"Mama! Umeumia?" Mkunga alitoka jikoni mbio.

"Sijaumia, mwanangu. Nimekaa kupumzika tu," bibi alisema, huku damu ikimtoka mguuni.

Mkunga alikisafisha kidonda, machozi yakimlengalenga. "Kuanzia leo baiskeli hailali ndani," alisema.

Nje palikuwa na banda la gari. Lilikuwa paa la mabati juu ya nguzo nne, bila kuta. Mumewe, dereva, aliegesha gari hapo. Mkunga aliifunga baiskeli kwenye nguzo kwa mnyororo mwembamba, akaifunika kwa turubai.

Baada ya wiki chache aliitwa kwa mama mwenye uchungu wa kuzaa. Njiani cheni ya baiskeli ilikatika. Kutu ilikuwa imeila. Alikimbia kwa miguu, mkoba begani. Alipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa, yumo mikononi mwa jirani asiyejua ukunga.

"Mungu katusitiri," alimwambia mumewe jioni. "Lakini sitaki kumjaribu tena."

Dereva alimwita jirani yao, fundi wa kuchomelea vyuma. Fundi alifunua turubai. Upande wa ndani ulijaa matone ya maji.

"Shemeji, umeipika baiskeli kwa mvuke!" alicheka. "Unyevu hauna pa kutokea. Chuma kinataka paa, tena kinataka hewa."

"Na mwizi je?" dereva aliuliza.

Fundi aliitikisa nguzo. Ikayumba. "Hii ataing'oa kama muhogo. Niambieni kwanza, mvua hupiga kutoka upande gani?"

Dereva alionyesha upande wa barabara, mkewe upande wa uani.

"Upande wa jikoni," bibi alijibu kutoka kitini pake mlangoni. "Naona hafifu, lakini mvua naisikia vizuri. Kila mwaka huanzia hapo."

"Fundi mkuu kasema!" alisema fundi. Bibi alicheka hadi akashika mbavu.

Wakaanza kazi. Upande wa jikoni waliziba kwa mabati, wakaacha nafasi juu na chini ili hewa ipite. Kwenye kona walimwaga zege, likainuka kidogo kutoka ardhini na kuinamia nje, maji yasituame. Fundi alikunja bomba la chuma kama upinde. Kwenye ncha zake mbili alichomelea vipande vya chuma vilivyokingama ili lising'oke, kisha akazizamisha ncha hizo ndani ya zege lililokuwa bado bichi.

"Sasa fungua mlango wa gari," alimwambia dereva. Mlango ulifunguka wote bila kugusa bomba.

Kwa wiki nzima walilimwagilia zege maji ili likomae. Kisha fundi akamwonyesha mkunga namna ya kufunga.

"Ukifunga gurudumu peke yake, mwizi atakuachia hilo gurudumu, aondoke na baiskeli. Tumia mnyororo mnene. Upitishe kwenye fremu, kwenye gurudumu na kwenye bomba. Ukirudi umelowa, ifute baiskeli, kisha itie cheni oili."

Mvua kubwa ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne, alfajiri, simu ililia. Mkunga alikwenda bandani. Baiskeli ilikuwa kavu. Alifungua kufuli, akapanda, cheni ikazunguka bila kelele. Alifika mapema, akanawa mikono, akampokea mtoto wa kike mwenye sauti kubwa.

Aliporudi alikuwa amechoka na kulowa chapachapa. Bibi alikuwa anamngoja bandani, kitambaa mkononi.

"Nenda kapumzike, mwanangu," alisema. "Huyu niachie mimi."

Akapapasa fremu taratibu, akaanza kuifuta, kama anayemkausha mtoto aliyetoka kuogeshwa.