Bili ya Jumapili na Usingizi wa Mzee Mwongera

Kila Jumapili Mzee Mwongera wa Kaaga alivaa tai, akafunga nyumba kwa kufuli, akaenda kanisani na mkewe Cicily. Mahubiri yakianza, alifumba macho. Watu wabaya walisema analala. Yeye alisema anatafakari. Kutafakari kwake kulisikika mpaka kwenye kwaya.

Nyumbani walikuwa na simu ya mezani. Kwa simu hiyo Cicily alipokea oda za keki za harusi, hata kutoka Embu. Siku moja bili ya simu ilikuja, kubwa ajabu. Mzee aliisoma, akaketi bila kutazama kama kuna kiti. Kwa neema ya Mungu kilikuwepo.

"Cicily, unaongea na nani huko ng'ambo?"

"Mimi? Hata Nairobi sina mtu. Jiulize wewe."

"Basi hatulipi. Wakitaka kukata simu, wakate."

"Wakikata, keki nitamuuzia nani? Wewe?"

Jirani yao Kathure alikuwa karani katika ofisi ya simu. Cicily alimwita kwa chai.

"Mzee, usinyamazie bili," Kathure alisema. "Ukinyamaza, simu itakatwa. Omba orodha ya simu zilizopigwa. Zile zako, lipa. Zile usizozijua, zikatae kwa maandishi kabla ya tarehe ya mwisho. Baki na nakala yenye muhuri. Halafu omba fundi akague waya."

Orodha ilipatikana. Simu zote za ng'ambo zilipigwa Jumapili, saa za ibada.

"Hapo umepona," Kathure alisema. "Nyumba ilikuwa imefungwa. Tafuta shahidi kwamba mlikuwa kanisani."

Mchungaji Muthamia aliandika haraka, tena kwa furaha iliyozidi. Mzee alisoma: "Jumapili hizo zote Mzee Mwongera alikuwa kanisani. Nilimwona, na alipolala nilimsikia."

"Mchungaji, toa hilo la kulala. Andika nilitafakari."

"Nikiandika hivyo, wataniuliza nilisikia nini."

Cicily alikunja barua, akampa mumewe. "Baba Kajuju, chagua. Usingizi wako au simu yangu."

Kesho yake Mzee alisimama kwenye foleni ya ofisi ya simu. Karani mmoja alisoma barua kwa sauti. Foleni nzima ilicheka.

"Ndiyo, nililala," Mzee alisema. "Sasa niambieni, aliyepiga simu ni nani?"

Kicheko kilikwisha. Fundi alitumwa. Alifuata waya kutoka nguzo hadi nguzo, akakuta mwingine umeunganishwa kwa siri. Uliingia katika duka lililofungwa, ambamo jamaa mmoja, kila Mzee akiwa kanisani, aliwatoza watu bei ya kutupa wapige simu ng'ambo. Polisi walimchukua. Simu zake zilifutwa kwenye bili, na Cicily akaendelea kupokea oda.

Siku hizi mtu wa Kaaga akiletewa bili asiyoielewa, humwendea Mzee Mwongera. Yeye hujibu kwa uso mzito:

"Soma orodha. Lipa zako, kataa zisizo zako, na usichelewe. Ukiulizwa ulikuwa wapi, sema ukweli wote, hata ule unaokoroma."